Kurudi Kwenye Vumbi: Jinsi ya Kuchagua Pikipiki ya Porini Iliyotumika Baada ya Miaka Mingi Bila Kuendesha

Anayerudi kwenye pikipiki ya porini baada ya miaka kumi au ishirini huja sokoni na picha mbili kichwani: pikipiki aliyoitamani ujanani, na yeye mwenyewe akiwa juu yake enzi zile. Picha ya pili ndiyo inayomla hela. Vidole huikumbuka klachi siku hiyohiyo ya kwanza, lakini pumzi, magoti na misuli ya mikono vitadai miezi. Kwa hiyo nunua pikipiki inayouelewa mwili ulio nao leo, ambayo spea zake zipo mjini kwako, na ambayo umeikagua mwenyewe injini ikiwa ya baridi. Mwaka wa kutengenezwa na rangi vije mwisho kabisa.

Maelezo haya yanalenga zaidi soko la Tanzania na Kenya, maana ndiko pikipiki hizi zinakobadilisha mikono kwa njia zinazofanana. Ukiwa Uganda au Rwanda, upande wa ukaguzi ni uleule. Karatasi tu ndizo zinazotofautiana.

Utaendesha wapi, na mwili unasemaje

Kabla hujampigia dalali yeyote, jibu swali moja: kutoka nyumbani hadi unakokwenda kuendesha, utapita barabarani? Kama jibu ni ndiyo, unahitaji pikipiki yenye namba, taa, honi na bima. Hapo tayari umeshaziondoa pikipiki za mashindano. Kama utaibeba kwenye pikapu mpaka kiwanja cha motokrosi, mathalani Jamhuri Park pale Nairobi au Garuga karibu na Entebbe, uwanja wa kuchagua ni mpana zaidi, ingawa bado nitakuwa na neno kuhusu hilo.

Halafu uzito. Watu huuliza cc, yaani ukubwa wa injini, lakini porini uzito ndio utakaokuchosha. Honda CRF230F ina kilo 113 hivi ikiwa na mafuta. CRF250L, yenye taa na vifaa vyote vya barabarani, inafika kilo 144. Suzuki DR650 iko kwenye 166, na Kawasaki KLR650 inakaribia 200. Tofauti hiyo huwezi kuihisi ukiwa umekaa kwenye siti uani kwa muuzaji. Utaihisi pikipiki ikishalala kwenye korongo na wewe uko peke yako. Basi fanya jaribio ambalo wauzaji hawalipendi: omba kuilaza taratibu kwenye nyasi, kisha uiinue. Geuka uipe mgongo, shika usukani kwa mkono mmoja na fremu kwa mwingine, sukuma kwa miguu. Ukiiinua mara tatu mfululizo bila kuhema kupita kiasi, mnaelewana. Ukiona mgongo unalalamika mara ya kwanza, tafuta nyepesi zaidi.

Urefu wa siti nao una maana kubwa kuliko watu wanavyokiri. Pikipiki nyingi za porini za ukubwa wa mtu mzima zina siti kati ya milimita 825 na 935 kutoka chini. Honda XR150L iko chini, Suzuki DR-Z400 iko juu kabisa. Zamani ulikuwa unaridhika na ncha ya kidole cha mguu mmoja ikigusa ardhi, kwa sababu ulijiamini. Sasa chukua ile inayokuruhusu kukanyaga vizuri kwa sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili, ukiwa umevaa buti utakazoendeshea.

Kwa mtu wa kawaida anayerudi, cc 125 hadi 250, mipigo minne, injini ya kupozwa kwa hewa au ya maji isiyo ya mashindano, ndiyo sehemu sahihi ya kuanzia. Ukija kuizoea na kuona haikutoshi, utaiuza kwa hasara ndogo, kwa kuwa pikipiki za aina hiyo hazikosi mnunuzi.

Makundi manne utakayoyakuta sokoni

Kundi la kwanza ni pikipiki za miradi na mashirika: Yamaha DT125, AG100, AG200 na XTZ125, Honda XL125 na XR150L, Suzuki TF125. Hizi ndizo zilizobeba mabwana shamba na watu wa chanjo vijijini kwa miaka mingi. Ni imara, mafundi wanazijua, na huuzwa kwa mnada au zabuni mradi unapofungwa. Ubaya wake ni kwamba dereva hakuwa mwenye mali. Nyingine zimehudumiwa kwa ratiba na daftari lake lipo, na nyingine zimekimbizwa na oili ileile mpaka ikawa lami. Omba daftari la matengenezo. Shirika makini huwa nalo, na likikosekana, ukaguzi wako uwe mkali maradufu.

Jambo jingine kwa DT, AG100 na TF: ni injini za mipigo miwili zenye tanki lao la oili na pampu inayoichanganya na petroli yenyewe. Mafundi wengi waliifunga pampu hiyo na kumwambia mwenye pikipiki achanganye kwa mkono. Uliza wazi kama pampu inafanya kazi. Ukikosea hapo, injini itakufa ndani ya wiki moja, na tanki la oili litakuwa limejaa vizuri tu.

Kundi la pili ni zile zilizoagizwa Japani zikiwa zimetumika: Honda XR250 na CRF250L, Yamaha Serow, Suzuki Djebel, Kawasaki KLX250. Mara nyingi mwili wake ni safi kwa sababu zilikaa mjini. Namba zake za fremu ni fupi na zina herufi za modeli mwanzoni, kwa mfano MD30 kwa XR250 na MD38 kwa CRF250L. Hazina zile herufi na tarakimu 17 za pikipiki zilizotengenezwa kwa soko la Marekani au Ulaya. Ziandike, kwa sababu ndizo utakazompa mwenye duka la spea. Ukimwambia tu "XR250" anaweza kukupa kitu cha modeli nyingine isiyoingiliana kabisa na yako.

Kundi la tatu ni za mashindano: CRF250R, YZ250F, KX250F, na ndugu zao wa enduro, yaani mbio ndefu za porini, kama KTM EXC. Zinavutia, na wakati mwingine bei yake ni ya kushangaza. Bei imeshuka kwa sababu ya saa. Injini hizi hazihesabiwi kwa kilomita bali kwa saa za kazi. Oili ya KTM EXC yenye mipigo minne hubadilishwa kila baada ya saa 15 hivi, na kwenye zile za motokrosi pistoni yenyewe ni kitu cha kubadilishwa kwa ratiba kabla haijaharibika. Ukikuta haina mita ya saa, na muuzaji anakuambia "imetembea kidogo tu", hujui unanunua nini. Msimamo wangu ni kwamba mtu anayerudi asiiguse hii kama pikipiki ya kwanza, labda awe na fundi wake na pesa ya pistoni imekaa pembeni. Na tukiacha injini, nguvu yake huja kwa ghafla, na shokapu zake ni ngumu kwa sababu zimetengenezwa kwa ajili ya kuruka. Kwenye mawe, kwa mwendo wa mtu anayejifunza upya, itakutetemesha mpaka mikono ishindwe kubana breki.

Kundi la nne ni kubwa za safari, DR650, KLR650 na wenzake, ambazo mara nyingine huuzwa na wageni waliomaliza safari ya Afrika na wanataka kupanda ndege. Kuwa macho. Pikipiki iliyoingia kwa hati ya forodha ya muda si ya kuuzwa hapa mpaka ushuru ulipwe, hata kama mgeni mwenyewe ni muungwana na pikipiki inang'aa.

Sijazitaja pikipiki za bodaboda za kina Boxer na TVS kwa sababu si pikipiki za porini, lakini tusidanganyane: ikiwa unachotaka ni kuzunguka barabara za vumbi za kijijini Jumamosi, Boxer yenye tairi za meno itakufikisha kokote, na spea zake zinauzwa hadi dukani kwa mangi.

Spea kabla ya bei

Ukishapata modeli mbili au tatu, usianze kutafuta pikipiki. Tafuta spea. Piga simu au pita Kariakoo kama uko Dar es Salaam, Kirinyaga Road kama uko Nairobi, ulizia vitu vitano: pleti za klachi, seti ya pistoni na ringi, pedi za breki, seti ya cheni na sproketi, na kebo ya klachi. Ukipata vyote, pikipiki hiyo itaishi. Ukipata vitatu na vingine "tunaagiza", ujue kila kitakachoharibika kitakulaza wiki kadhaa. Uliza pia fundi unayemwamini kama ameshaifungua injini ya aina hiyo. Fundi mzuri wa boda anaweza kuitengeneza AG200 akiwa amefumba macho, lakini KTM ikamtoa jasho, na si kosa lake.

Karatasi

Hapa nitakuwa mfupi maana sheria haina ubishi. Nenda na tochi, soma namba ya fremu kwenye shingo ya usukani na namba ya injini, linganisha herufi kwa herufi na kadi ya usajili au cheti cha umiliki. Namba iliyosuguliwa, iliyogongwa upya kwa mistari isiyonyooka, au iliyofichwa chini ya rangi mpya ni sababu ya kuondoka bila maelezo. Kenya hakiki mwenye chombo kwa NTSA kupitia eCitizen, Tanzania kwa TRA. Jina la kwenye karatasi liwe la mtu aliyesimama mbele yako, au awe na hati halali inayomruhusu kuuza.

Pikipiki za mradi zina mtego wake. Nyingi, zikiwemo zile za namba za DFP za Tanzania (namba za miradi ya wafadhili), ziliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Zikihamia kwa mtu asiye na msamaha huo, kodi hudaiwa. Uliza kwa maandishi ni nani anayeilipa, na usitoe pesa yote kabla jina lako halijaingia. Vilevile pikipiki yenye namba za Kenya haigeuki kuwa ya Tanzania kwa kubadilisha kibao tu. Lazima ipite forodha.

Ukiwa kwenye karatasi, itazame na leseni yako mwenyewe. Baada ya miaka hiyo yote huenda imeisha muda, au daraja la pikipiki halimo.

Ukaguzi: injini ikiwa ya baridi

Mwambie muuzaji tangu kwenye simu kwamba usiikute imewashwa. Ukifika, weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa ya moto, ama hakukusikia ama kuna kitu anaficha, kama vile kuwaka kwa shida asubuhi. Keti unywe soda mpaka ipoe. Kama hana muda wa kukusubiri, basi.

Anza na filta ya hewa. Fungua kifuniko uitoe. Hiki ndicho kitu kinachokuambia ukweli kuhusu mwenye pikipiki kuliko maneno yote atakayoyasema, kwa sababu ni kazi chafu isiyoonekana na mnunuzi wa kawaida. Sponji iwe na oili yake ya filta, isiwe imechanika. Kisha pitisha kidole kwenye bomba linalokwenda kwenye kabureta, upande wa ndani, baada ya filta. Ukikuta vumbi hapo, injini imekuwa ikilila. Ukizingatia vumbi la volkano la Arusha na Longido, lile laini kama poda linalopenya kila mahali, ringi na silinda vimeshasagika hata kama bado inawaka vizuri.

Chomoa kijiti cha oili au tazama kwenye kioo. Oili nyeusi ni uzembe tu, inabadilishika. Oili yenye vimetameta vya chuma ni hatari. Oili ya rangi ya maziwa, kwenye injini ya kupozwa kwa maji, maana yake maji yameingia ndani, na hapo bei inabidi ishuke mpaka kwenye bei ya chuma chakavu au muuzaji abaki nayo.

Sasa iwashe. Kama ina kiki, isukume polepole kwa mguu kwanza: lazima usikie ukinzani wa mgandamizo, halafu uachie. Kiki inayozama bila kubisha imechoka ringi au vali. Kama ni ya stata peke yake, kama ilivyo CRF230F, betri dhaifu itakuacha porini, kwa hiyo jaribu kuwasha mara nyingi, si mara moja. Moshi wa buluu usioisha kwenye injini ya mipigo minne ni oili inayoungua. Kwenye ya mipigo miwili moshi wa mwanzo ni kawaida, ila ukizidi hata injini ikishapata moto, wasiwasi uanze. Sikiliza chini ya injini. Mlio mzito wa kugonga, ko-ko-ko unaofuata mwendo wa kuvuta mafuta, ni konrodi au beringi za krenki, na huko si kwa kurekebisha kwa bei ya jioni moja.

Baada ya injini, ziangalie sehemu zinazobeba. Weka kreti chini ya injini ili tairi moja moja linyanyuke. Tairi la mbele likiwa juu, lishike juu na chini ulitikise: likicheza, beringi za habu zimekwisha. Shika miguu ya shokapu za mbele, ivute na kuisukuma: mlio wa tak-tak ni beringi za usukani. Zungusha usukani kushoto na kulia taratibu. Ukihisi unakwama kidogo katikati, beringi hizo zimejichimbia shimo. Nyuma, sukuma mkono unaobeba tairi kulia na kushoto. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo. Zilizokaza hutoa sauti moja, iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Vuta cheni kutoka nyuma ya sproketi kubwa: ikiachana na meno mpaka unaona nusu ya jino, cheni na sproketi vyote vinabadilishwa kwa pamoja.

Mabomba ya shokapu za mbele yapitishie ukucha. Michubuko inayokwaruza ukucha itakata sili mpya uliyoweka jana. Mafuta yaliyomwagika chini yake yanatengenezeka kwa bei nafuu, michubuko haitengenezeki. Disku ya breki imeandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa kwenye chuma chake. Kama huna kipimo, pitisha kidole ukingoni uone kama kuna ukuta uliosimama.

Fremu ichunguze kwa jicho la wivu: shingoni, chini ya vikanyagio, na pale fremu ya nyuma inapoungana. Rangi mpya sehemu ndogo tu, kwenye pikipiki iliyozeeka kote kwingine, inafunika kitu, kwa kawaida ufa au weldi. Tazama pia kasha la injini karibu na sproketi ndogo, ambapo cheni ikikatika hupasua alumini. Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2419 ni wiki ya 24 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu lakini la miaka kumi limekuwa gumu na litateleza kwenye mwamba wenye unyevu.

Iendeshe, halafu iendeshe tena

Acha kitambulisho na kiasi cha fedha kwa muuzaji ili asiwe na hofu, kisha tafuta mahali penye kilima na eneo la wazi. Anza kwa mwendo wa mtu anayetembea, ukisimama juu ya vikanyagio. Kama inakulazimu kuinama sana ili ufikie usukani, mgongo utalipa, ingawa vipandishio vya usukani vinaweza kusaidia. Kisha panda kilima kwa gia ya tatu na uvute mafuta yote: injini ikipiga kelele zaidi bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Panda na kushuka gia zote. Ile ya pili ndiyo inayochoka mapema, na ikiruka yenyewe ukivuta mafuta, sanduku la gia lina kazi.

Iendeshe kwa robo saa mpaka ipate moto kweli, izime, na uiwashe mara moja. Baadhi ya injini huwaka vizuri zikiwa baridi na kugoma zikiwa za moto, na muuzaji mjanja anajua utaijaribu baridi tu.

Kitu cha mwisho kwenye jaribio: shokapu na kilo zako. Shokapu nyingi hutoka kiwandani zikikadiria mtu wa kilo 70 hadi 80. Ikiwa miaka imekuongezea kilo, simama juu ya vikanyagio huku mwenzako akipima kwa futi kiasi ambacho sehemu ya nyuma imeshuka ukilinganisha na pale inaponing'inia bila uzito. Theluthi moja ya safari yote ya shokapu ndiyo inayofaa. Ikizidi sana, kaza springi. Ikiwa imekazwa mpaka mwisho na bado inazama, hesabu springi mpya kwenye bei.

Bei, na pesa ya baada ya bei

Andika kila ulichokiona kwenye karatasi moja na bei yake ya spea, kisha ukae na muuzaji. Hakuna haja ya kuishusha hadhi mali ya mtu. Msomee orodha tu. Mimi huweka pembeni kiasi kama robo ya bei ya kununulia kwa ajili ya mwezi wa kwanza: oili na filta, petroli ya kusafishia kabureta, pedi, kebo, cheni, tairi moja, na chochote ambacho ukaguzi haukukiona. Ikiwa bei ya pikipiki inaila robo hiyo, pikipiki hiyo ni ghali kwako.

Kofia na buti viwe nje ya hesabu hiyo, na vinunuliwe kabla. Ile kofia yako ya zamani iliyokaa darini, hata kama haijawahi kuanguka, povu lake limeshakauka. Buti za motokrosi za mtumba zinafaa kama vifungo na soli ni vizima. Kofia ya mtumba usinunue, kwa kuwa huwezi kujua imeshagonga nini.

Ukiifikisha nyumbani, badilisha oili siku hiyohiyo bila kujali muuzaji amesema nini, osha filta, na kwa saa chache za kwanza rudia kukaza spoki, boliti za vikanyagio na za sproketi ya nyuma kila unaporudi kutoka barabarani.